Pampu za Shemeji

Shemeji yangu alikuwa fundi wa lifti. Mwenyewe alikuwa akisema hakuna kazi ya kuchekesha kama hiyo: kutwa nzima unapanda na kushuka, na jioni ukijiangalia uko pale pale ulipoanzia asubuhi. Lakini yeye na dada yangu waliishi chini kabisa, mlango wa kwanza ukiingia kwenye jengo, na kulikuwa na sababu. Hakuna mwenye nyumba mwenye akili timamu ambaye angekubali tangi lile lipandishwe ghorofani.

Tangi lilichukua ukuta mzima wa sebule. Usifikirie lile la samaki wawili watatu na kijumba cha plastiki. Hili lilikuwa la maji ya chumvi, na ndani yake kulikuwa na miamba, na juu ya miamba matumbawe hai: mengine laini kama vidole vya glavu, mengine magumu yenye matawi, ya kijani, ya zambarau, na moja la rangi ambayo dada aliitafuta kwenye vitambaa vyake miaka nenda rudi asiipate. Dada anashona mapazia. Cherehani yake ilikaa upande wa pili wa sebule hiyo hiyo, kwa hiyo mgeni alipokewa na sauti mbili, ya cherehani na ya maji, na ilibidi apaze ya kwake ili ajibiwe.

Wageni wote waliangalia samaki. Shemeji aliangalia maji.

"Samaki ana mapezi," aliniambia siku moja, nilipomuuliza kwa nini anakaa mbele ya kioo kama mtu anayesubiri basi. "Akikosa hewa anahama, akiona chakula anakifuata. Tumbawe limeshikamana na jiwe, shemeji. Haliendi kokote. Kila kitu lazima liletewe, na taka zake lazima ziondolewe. Anayeleta na kuondoa ni maji. Yakisimama tu, limekwisha."

Kwa hiyo alikuwa na pampu kubwa chini, ndani ya kabati, iliyorudisha maji juu baada ya kuchujwa, halafu pampu nyingine ndogo zilizonata kwenye kioo kwa sumaku, kulia na kushoto, zikitazamana. Hazikufanya kazi kwa pamoja. Kisanduku kidogo cha umeme kiliziamrisha kwa zamu, hii ikipunguza, ile inaongeza, mikondo ikutane katikati ya tangi na kuvurugana. "Sitaki mto," alikuwa akisema. "Mto unapiga upande mmoja mpaka unachubua. Nataka vurugu." Nyuma ya miamba aliacha nafasi ya kupita mkono, maji yazunguke na kutokea upande wa pili. Halafu alichukua punje za chakula cha samaki kwa ncha za vidole, akaziachia juu, akazifuata kwa macho. Punje ikitua mahali na kutulia, alikunja mkono wa shati.

Na hilo halikuwa jambo la kufanya mara moja ukamaliza. Matumbawe yanakua. Tawi likiongezeka kidogo tu, linaziba njia ambayo maji yalikuwa yakipitia, na pampu iliyokuwa sawa mwezi uliopita inakuwa imekosea. Kwa hiyo alikuwa akizigeuza kidogo kidogo, leo hii, kesho kutwa ile, bila kumwambia mtu na bila kuandika popote. Lilikuwa jambo la macho yake na mkono wake.

Tumbawe kubwa kuliko yote alilipa jina la Bosi. Alililea kutoka kipande kisichozidi kidole, likawa pana kama sinia, na mambo yote ya tangi yalipangwa kwa kulitazama lenyewe. "Mimi hapa namba yangu ya ngapi?" dada alikuwa akimuuliza. Naye anahesabu kwa vidole, anajifanya kufikiri sana, mpaka dada anamtupia kipande cha kitambaa.

Kiharusi kilimkuta ananyoa ndevu. Dada alisikia kitu kikianguka bafuni, akadhani ni ndoo.

Alikaa hospitali muda mrefu, na dada alikaa naye, akilala kwenye kiti. Jirani wa juu, mzee mstaafu mwenye moyo mwema, ndiye aliyekuwa akiingia kuwapa samaki chakula. Katika siku hizo umeme ulikatika, ukarudi, na kile kisanduku kikasahau kila kitu kilichofundishwa. Pampu za kulia ziliendelea kuzunguka kwa nguvu zile zile kutwa kucha. Za kushoto ziliamka kwa kusuasua, halafu moja ikasimama. Jirani hakuona tofauti, na nani angeiona? Pampu ya kabatini ilikuwa bado inanguruma, samaki walikuwa wanakula.

Siku aliyorudishwa nyumbani tulikuwa tumejaa pale mlangoni: mimi, jirani, mafundi wenzake wawili wa lifti na maua yao. Upande wake wa kulia ulikuwa umelala wote, mkono na mguu. Tuliambiwa pia kwamba ulimi umeathirika, lakini hatukujua kwa kiasi gani. Dada akamsukuma kwenye kiti cha magurudumu mpaka sebuleni, uso wake ukaelekea tangi.

Kona ya kushoto ilikuwa imeota utando mwekundu, mzito, kama mtu ametandika zulia juu ya mchanga. Ulikuwa umeanza kupanda miamba.

"Sawa!" shemeji akasema kwa sauti kubwa.

Tukashangilia. Wenzake wakapiga makofi. "Mmesikia? Anasema sawa! Amefurahi kurudi kwake huyu!"

"Sawa, sawa, sawa!" akazidi, akipiga mkono wa kiti kwa mkono wa kushoto, na sisi tukazidi kucheka na kumpigapiga mgongoni. Dada peke yake ndiye aliyekuwa amesimama mbele yake na kumwona machoni. Akatugeukia.

"Nyamazeni," akasema. "Hajafurahi."

Hilo ndilo lilikuwa neno pekee lililombakia. Akitaka maji, sawa. Akiumwa, sawa. Akiwa na hasira, sawa, ila kwa meno yaliyobanwa. Mtaalamu wa kufundisha watu kusema alikuja nyumbani na picha zake za kikombe, kitanda, jua, akatueleza taratibu. "Anajua anachotaka kusema. Akili haijapotea. Anatafuta neno, linatoka hilo hilo. Na kitu kingine, msitegemee kichwa chake. Kwake ndiyo na hapana zimechanganyikana. Anaweza akatikisa kichwa kukubali na moyoni anakataa kabisa, na yeye mwenyewe asijue kwamba amekosea mpaka mfanye kinyume."

"Sasa nitamwulizaje?" dada akasema.

"Taratibu," mtaalamu akajibu. Ndiyo ikawa dawa ya kila kitu, taratibu. Utando mwekundu haukuisikia.

Dada hakuwa mgeni kabisa wa lile tangi. Alishamwona mumewe akiloweka pampu kwenye siki ili ukoko umomonyoke. Akaitoa ile iliyosimama, akailoweka, akaisugua kwa mswaki, na nilipofika Jumamosi akanikabidhi taulo na kuniambia nisimame karibu. Akapanda kigoda, akaibandika upande wa kushoto pale alipodhani ilikuwapo, akanipa ishara. Nikachomeka waya.

Mchanga wote wa upande ule uliruka juu. Tangi likageuka maziwa. Samaki hatukuwaona tena, mwamba hatukuuona, na nyuma yetu shemeji alikuwa akipiga kelele za "sawa, sawa" kama mtu anayeona mtoto akikimbilia barabarani. Dada akapiga ukelele, nikachomoa, tukabaki tumesimama huku maji yakitudondoka viwikoni.

"Juu zaidi, mzee?" dada akamuuliza. "Niipandishe?"

Akatikisa kichwa kukubali.

"Au niishushe?"

Akatikisa kichwa kukubali.

Dada akashuka kwenye kigoda, akapiga magoti mbele ya kiti, akaweka paji la uso juu ya goti la mumewe. Hakulia. Alikaa tu hivyo, na shemeji akawa anamgusa nywele kwa ule mkono mzima, macho yakiwa bado kwenye tangi.

Tulimjaribu na karatasi. Mkono wa kushoto haukuwa umewahi kuandika, ukachora mstari uliotetemeka, ukarudi juu yake, ukachora mwingine. Dada aliigeuza karatasi huku na huku, akaishika mbele ya tangi, akaisogeza kwenye mwanga. Ingeweza kuwa pampu. Ingeweza kuwa samaki, au lifti. Binti yao, aliyeolewa mbali, alipiga simu ya video akamwomba baba yake aonyeshe kwa kidole. Kidole kilionyesha. Kilionyesha tangi.

Ndipo tukamwita daktari wa meno. Alikuwa rafiki wa shemeji katika mambo haya ya matangi. Walifahamiana dukani walipogombea jiwe moja, na tangu hapo wakawa wanatembeleana kama ndugu na kusemana vibaya juu ya matangi yao. Alikuja na viatu vya kazini, akamkumbatia shemeji kwa muda mrefu, akaanza kuzunguka tangi akichungulia pembeni na nyuma, mikono kiunoni.

"Dada, nikuambie ukweli," akasema. "Langu ni kisanduku, hili ni ukumbi. Nitajaribu."

Na alijaribu kwa udi na uvumba. Alikifundisha upya kile kisanduku cha umeme, hii iongeze, ile ipunguze. Alizitazamanisha pampu, akazielekeza juu kidogo ili uso wa maji uchemke na kuchukua hewa. Alilinyonya lile zulia jekundu kwa mpira hadi ndoo zikajaa uchafu wa kutisha. Akatupa punje za chakula, na tukazitazama zikienda, zikigongana, zikizunguka. Shemeji alizitazama pia. Kwa mara ya kwanza tangu arudi, bega lake lilishuka, akaegemea kiti.

Wiki zilizofuata kona ya kushoto ilibaki safi. Dada alikuwa akinipigia simu kuniambia tu hilo. "Bado nyeupe," anasema, na ninamsikia anatabasamu.

Halafu Bosi akaanza kupoteza nyama. Ilianzia kwenye ncha za matawi yanayotazama kulia: ngozi ya zambarau ikawa inachanika na kuondoka na maji, chini yake mfupa mweupe. Daktari wa meno akaja, akaona upesi. Mkondo wa kulia, sasa ulipokuwa haukatizwi vizuri, ulikuwa ukilipiga tumbawe usoni moja kwa moja. Akaigeuza pampu pembeni. Siku chache, ncha zikatulia, lakini nyuma ya Bosi maji yakasimama, taka zikajikusanya kwenye mizizi ya matawi, na likaanza kuoza kutokea chini. Akairudisha nusu. Likawa linachunika mbele na kuoza nyuma.

"Kuna kitu huyu bwana alikuwa akikifanya," daktari alisema, akijifuta mikono. Alikuwa amechoka, maskini, na wagonjwa wake walikuwa wakimsubiri. "Labda alikuwa akiyapitisha nyuma kwanza, yakirudi mbele yanakuwa yamepungua nguvu. Labda. Nimetazama mpaka macho yananiuma. Sikioni."

Shemeji alikuwa hapo hapo, hatua mbili tu kutoka kwetu, na jibu lote likiwa kichwani mwake.

Dada ndiye aliyefikiria jambo la mkono. Ilikuwa mchana, mimi nipo. Alikisogeza kiti mpaka kikagusa kioo, akapanda kigoda, akatumbukiza mkono na kuishika ile pampu ya kulia. Akaniambia niuinue mkono wa kushoto wa shemeji niuweke kwenye kiwiko chake. "Nivute unakotaka," akamwambia. "Usiseme kitu. Nivute tu."

Mwanzoni hakuna kilichotokea. Kisha nikaona vidole vikibana. Dada akaigeuza pampu kidogo, vidole vikalegea, vikabana tena, vikamvuta nyuma, chini, nyuma tena. Sijawahi kumwona dada yangu ametulia vile. Alikuwa amefumba macho. "Tupa chakula," akaninong'oneza, nikatupa.

Punje zilikwenda kulia, zikaingia nyuma ya mwamba tukazipoteza, halafu zikatokea kushoto, zimetawanyika, zikapita juu ya Bosi kama vumbi. Kila tawi laini ndani ya tangi lilikuwa likicheza, na hakuna hata moja lililokuwa likipigwa. Shemeji akatoa sauti. Alikuwa akicheka, kwa nusu ya uso.

"Hapo?" dada akafumbua macho. "Ni hapo, mzee?"

"Sawa," akasema.

Na mkono ukavuta tena.

Dada alikuwa ameshajiandaa kuibana sumaku. Akasita. Mkono ukavuta, naye akaufuata, kwa sababu angefanya nini kingine? Pampu ikageuka. Punje zikaanza kutua mchangani. "Hapana, rudi, turudi pale," dada akawa anasema, akaigeuza juu, akaigeuza nyuma, na vidole vikawa vinabana na kulegea bila mpango. Tulitafuta mpaka mkono wa dada ukakunjamana kwa maji. Pale hatukupaona tena. Labda alikuwa akitafuta pazuri zaidi. Labda ulikuwa ni mshtuko tu wa mkono uliochoka, na hata kule kupatia kwenyewe kulikuwa bahati. Mtaalamu alipoulizwa baadaye, alisema vyote viwili vinawezekana.

Bosi alikufa kidogo kidogo, tawi kwa tawi, na yaliyomzunguka yakafuata. Shemeji hakukubali kuondolewa sebuleni. Akisukumwa chumbani alishika fremu ya mlango. Basi dada akashona pazia, la kitambaa kizito cha kahawia alichokuwa amekiweka kwa ajili ya mteja, akalitundika kwenye fimbo mbele ya tangi lote. Akaja jikoni nilikokuwa. Tulisikia mlio wa kitambaa kikichanika. Tulipokimbilia tulimkuta shemeji ameng'ang'ania upindo, amelivuta mpaka pete zimeng'oka, na yuko nusu nje ya kiti.

"Maisha yangu yote nashona mapazia," dada aliniambia tulipomkalisha vizuri, "hakuna aliyewahi kunirudishia moja. Mpaka mume wangu mwenyewe." Tukacheka, sote wawili, kile kicheko kisichokuwa na pa kwenda.

Daktari wa meno alisema asichotaka kusema. Yapo yaliyobaki hai, machache, na kwake yangeweza kupona. Hapa, kwa hali ilivyo, hapana. Na yasingengoja sana.

Dada alimuuliza mumewe kwa kila njia aliyoijua. Alimwonyesha picha ya tangi la daktari na picha ya lao. Alimwekea viganja viwili mbele yake: "Mkono huu, yabaki. Mkono huu, yaende." Akagusa wa kushoto kwake: yaende. Dada akavuta pumzi, akabadilisha: sasa wa kushoto ni yabaki. Akagusa wa kushoto. Huo ndio uliokuwa karibu na mkono wake mzima.

"Mzee, tafadhali," dada akasema. "Nisaidie. Hili siliwezi peke yangu."

"Sawa," akasema, taratibu sana, akimtazama usoni.

"Sawa ipi?" dada akamuuliza. "Sawa ipi, jamani?"

 Daktari akajifanya anaangalia viatu vyake.

Yalichukuliwa wiki ile ile, pamoja na samaki, kwenye ndoo zenye mifuniko. Daktari aliyakata kutoka kwenye miamba kwa uangalifu wote alionao mtu anayeishi kwa kung'oa meno, akawa anamweleza shemeji kila anachokigusa, hili zima, hili nalipenda, hili sina hakika.  Ndoo ya mwisho ilipokuwa ikipita, shemeji alishika koti la daktari. Daktari akachuchumaa mbele yake. "Niambie, ndugu yangu."  Mkono haukuachia, na hakuna aliyejua unataka nini, kuomba radhi, kushukuru, au kuzuia. Mwishowe dada alikuja, akavikunjua vile vidole, kimoja kimoja.

Kisha akachomoa nyaya. Zilikuwa nyingi kuliko nilivyodhani, na kila moja iliponyamaza, nyingine iliyokuwa haisikiki ikasikika, mpaka zikaisha.

Kwa daktari, baadhi yaliishi na baadhi hayakuishi. Anatuma video, na dada anazishika mbele ya uso wa shemeji. Siku nyingine anazitazama mpaka mwisho. Siku nyingine anafumba macho kabla hazijaanza. Mguu umepata nguvu kidogo. Anaweza kusimama akishikiliwa. Ulimi uko pale pale.

Jumamosi iliyopita nilimuuliza dada kama anadhani alifanya vizuri. Alikuwa ameinama, anatia uzi kwenye sindano, akaukosa, akaulamba, akajaribu tena.

"Usiniulize mimi," akasema. "Anayejua ni huyo."

Shemeji alikuwa amesinzia kwenye kiti, kichwa kimeangukia upande wa dirisha, jua la mchana limemfika usoni. Dada akaweka kitambaa chini.

"Njoo tumgeuze, ataungua," akasema. Nikashika upande wa miguu.